Kifungu cha King'ora

Nchi hii haipo. Naanza na hilo tuelewane mapema, maana wako watu wakisoma habari za nchi isiyokuwepo huanza kutazamana na kugusana viwiko. Jamhuri ya Shwari haimo katika ramani yoyote, na waziri wake akifanana na waziri unayemjua, basi duniani wawili wawili.

Mimi nilikuwa mtumishi mtiifu wa nchi hiyo isiyokuwepo. Cheo changu kilikuwa Mpima Sauti wa Serikali, Daraja la Pili. Kazi yangu ilikuwa kupima makofi kwenye hotuba za wakubwa: yalianza saa ngapi, yalidumu muda gani, na nani aliacha kupiga kabla ya wenzake. Nilikuwa na saa ya mkononi, daftari, na masikio mawili yaliyokaguliwa na bodi. Mke wangu husema nikiwa nyumbani sisikii kitu, lakini hilo bodi haikuliuliza.

Hospitali ya Siha Adhimu ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote nchini, kwa kuwa zile nyingine ilikwisha kuzinunua, ikazifunga, ikazifanya maegesho yake. Mmiliki wake, Bwana Kipandauso, alikuwa mtu mwenye huruma nyingi mbele ya kamera. Kila daktari aliyeajiriwa pale alipewa mkataba wa kurasa sitini pamoja na koti jeupe, akaambiwa alijaribu koti kwanza. Akiwa bado anahangaika na vifungo, alionyeshwa pa kutia sahihi.

Ukurasa wa hamsini na nne ulikuwa na Kifungu cha Kumi na Saba. Nakinukuu kwa heshima zote: "Daktari akiacha kazi hapa, kwa muda wa miaka mitatu hataruhusiwa kutibu, kushauri, kugusa mshipa wala kukunja uso kitabibu, ndani ya eneo lote ambamo king'ora cha gari la wagonjwa la Hospitali kinasikika kwa sikio la Mpima Sauti aliyeapishwa." Rasimu ya kwanza ilisema maili thelathini. Lakini mnyororo wa wapima ardhi ulikuwa umeazimwa na Waziri kupimia shamba lake, na hadi leo shamba halijaisha.

*

Daktari Mwanakheri Shomvi alikuwa daktari wa uzazi, mwanamke wa mikono midogo na mdomo usiokopa maneno. Sifa yake ilikuwa watoto wanaotanguliza matako. Madaktari wengine wakiona matako mahali pa kichwa huanza kutetemeka na kuita jamaa wa mgonjwa. Yeye huomba maji ya kunawa.

Pale Siha Adhimu kila mgonjwa alipewa dakika nne. Dakika ya nne ikiisha, kengele inalia, na Msimamizi wa Dakika anafungua mlango kumwingiza anayefuata. Siku moja aliletwa Tausi, fundi cherehani wa Mtaa wa Chokaa, na mtoto wake alikuwa ametanguliza matako. Daktari alikuwa ameshapata miguu yote miwili kengele ilipolia. Msimamizi akaja na watu wawili, wakamtoa chumbani kwa adabu, kila mmoja kashika mkono wake. Aliporudi kwa nguvu, mtoto alikuwa amekwisha kufa.

Akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya meza ya Bwana Kipandauso.

"Mtoto wa watu amekufa kwa kengele yako."

"Daktari, kengele imekaguliwa," alijibu Bwana Kipandauso. "Haina hitilafu yoyote."

Daktari akaondoka siku ile ile. Nafasi yake ilijazwa na picha yake, maana Hospitali ilikuwa imekwisha kulipia bango kubwa la barabarani lenye uso wake, na wahasibu hawapendi kitu kikae bure. Mjamzito akimuulizia Daktari Mwanakheri alielekezwa kwenye bango.

*

Mwaka ukapita. Tausi akashika mimba tena, na mwezi wa nane mtoto akakaa vile vile, kichwa juu matako chini, kana kwamba ukoo mzima umeapa kuingia duniani kinyumenyume. Daktari alikuwa amefungua chumba kimoja nyumbani kwa marehemu shangazi yake, hapo hapo Chokaa. Alimpapasa Tausi tumbo, akamwambia, "Huyu tutamtoa mimi na wewe. Safari hii hakuna kengele."

Maneno yale yakafika Siha Adhimu kabla Tausi hajafika kwake. Bwana Kipandauso akaenda mahakamani.

Wakili wa Hospitali, Msomi Sululu, alisimama akarekebisha joho lake mara tatu. "Mheshimiwa Jaji, mikono hii iliingia kwetu haijui kitu. Imejifunzia kwenye matumbo ya wateja wetu. Ujuzi uliomo ndani yake ni mali yetu halali. Hatuombi ikatwe, sisi si washenzi. Tunaomba ikae mifukoni miaka mitatu."

Jaji akamgeukia Daktari. "Ulitia sahihi?"

"Nilitia."

"Basi mkataba ni mkataba."

"Na yule fundi cherehani wa Chokaa, Mheshimiwa, yeye alitia sahihi ukurasa gani?"

Jaji akapekua kurasa zote sitini kwa uaminifu mkubwa. "Hayumo," akasema.

"Hayumo, na ndiye anayefungwa!"

Karani aliamriwa alifute lile, kwa sababu kumbukumbu za mahakama hupokea majibu tu. Hukumu ikatoka: kifungu ni halali na kitatekelezwa neno kwa neno. Daktari akigusa mgonjwa mahali king'ora kinaposikika, leseni yake itachomwa moto hadharani, naye atakwenda gerezani hiyo miaka mitatu.

Nje ya mahakama Waziri wa Afya na Faida alihutubia taifa. "Shwari ni nchi huru! Daktari ana uhuru kamili wa kuondoka. Uhuru wa kufika mahali haumo katika Katiba!" Nilipima makofi, yakadumu sekunde arobaini na moja. Aliyeacha kwanza alikuwa mwanamke mmoja muuza vitumbua, ambaye kwa kweli hakuwa ameanza.

*

Daktari alikuwa na akili ya kuzaliwa. Kama mpaka ni king'ora, alisema, basi watakwenda kisikosikika. Akampakia Tausi kwenye lori la mkaa, wakaenda hadi kijiji cha Mpingoni, safari ya saa tatu, mahali ambapo hata habari za serikali hufika zimechoka. Walipokuwa wanashusha mkeka, wakasikia king'ora.

Kumbe Bwana Kipandauso alikisoma kifungu vizuri kuliko waliokiandika. Hakuna mahali kiliposema gari la wagonjwa lilale wapi. Akaliagiza limfuate Daktari kila aendako, king'ora wazi, na serikali ikamwazima Mpima Sauti akae kiti cha mbele. Mpima Sauti huyo nilikuwa mimi. Nilipewa Fomu ya Usikivu Namba Tisa, yenye mistari ya kila robo saa na sehemu mbili za kutia alama: Kimesikika, Hakikusikika.

Dereva aliitwa Pazi, na kwa bahati alikuwa mtani wa Daktari kwa upande wa kabila. Daktari alituona akaja dirishani, mikono kiunoni.

"Mtani, umekosa maiti wa kubeba mpaka unifuate mimi?"

"Nakusubiri wewe ufe, mtani wangu, nile ubwabwa wa matanga."

"Utakufa na njaa. Na huyu mwenye masikio ni nani?"

"Huyo ndiye mpaka," alisema Pazi.

Nilimsalimu Daktari kwa heshima, nikaandika: Kimesikika.

Wakarudi Chokaa, na sisi nyuma yao. Hili likawa ndilo maisha yetu kwa wiki tatu. Lazima nieleze kwamba lile lilikuwa ndilo gari la wagonjwa pekee nchini lenye magurudumu yote manne. Daktari akienda sokoni kununua mchicha, sisi nyuma. Akienda msibani, sisi nyuma. Siku moja tulikutana na mwashi aliyeanguka kutoka ghorofani, amelazwa juu ya mkokoteni, mfupa wa paja umetoka nje, nduguze wanasukuma na kulia. Walipoona gari letu walipunga mikono yote. Pazi akapunguza mwendo. Nikamwonyesha kwamba Daktari alikwisha kukata kona, na amri iko wazi. Mkokoteni ukatupisha, kama sheria ya barabarani inavyotaka.

Pazi hakusema nami siku mbili. Sikuelewa kwa nini, maana nilikuwa sahihi. Lakini usiku ule chakula hakikupita, na mke wangu akaniuliza ninaumwa nini.

*

Kila asubuhi tulipoegesha mbele ya nyumba ya Tausi, mama mkwe wake, Bi Kidawa, alikuja na sinia la vitumbua. Ndiye yule wa kwenye makofi. Alikuwa mama wa mwili mkubwa na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, na hakuna harusi ya Chokaa iliyowahi kufanyika bila koo lake.

"Mwanangu, shikamoo hutoi?"

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Hivi kutwa unaandika nini humo?"

Mimi sifichi mambo ya umma. "Naandika kama king'ora kimesikika, Bi."

"Na kisiposikika?"

"Basi hakuna mpaka. Ila haijawahi kutokea."

"Sikio la nani linaloamua? La Kipandauso?"

"La kwangu mimi, Bi. Niliapa."

"Aa," akasema Bi Kidawa, akaniongezea kitumbua cha pili. Nilidhani ni ukarimu tu.

*

Ijumaa saa nne asubuhi uchungu ulimshika Tausi. Tulijua, kwa sababu Daktari alitoka nyumbani kwake akikimbia, begi mkononi. Hapo mlangoni pa Tausi akasimama, akageuka, akatutazama. Watu wa mtaa walikuwa wamejaa uani na barabarani.

"Wewe mpaka! Fungua fomu yako. Andika Mwanakheri binti Shomvi, usikosee herufi. Andika naingia kuzalisha, kwa mikono yangu hii miwili, na wala sijaificha mfukoni. Kwa Kipandauso nilitolewa chumbani mara moja. Hapa atakayenitoa aje na jeneza lake!"

Akaingia. Nami nikaandika, kwa kuwa alitamka polepole.

Nilikuwa nikitafuta mahali pa kutia alama ya Kimesikika nilipomwona Bi Kidawa anatoka uani, kajifunga kanga mbili kiunoni, na nyuma yake wanawake wa Chokaa wote: wauza samaki, walimu wa chekechea, bibi wa kuongozwa kwa fimbo, bibi harusi wa juzi mwenye hina mbichi. Mmoja wao alikuwa na wasiwasi.

"Lakini Bi Kidawa, vigelegele vya mtoto hupigwa akishalia. Kabla ni mkosi."

"Mkosi tumekwisha kuuzika mwaka jana," alisema Bi Kidawa. "Mtoto katanguliza matako, na sisi tunatanguliza vigelegele. Haya!"

Mimi nimepima makofi ya Rais uwanja mzima umesimama. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Bi Kidawa aliinua mkono, koo lake likafunguka, na la pili likapokea, na la ishirini, na mtaa wa pili ukaitika bila kuuliza kuna nini, maana mwanamke wa Shwari akisikia vigelegele hupiga kwanza na kuuliza baadaye. Sokoni wakaacha mizani wakapokea. Vioo vya gari vikatetemeka. Nilimwona Pazi akifungua mdomo kunisemesha nisipate hata neno. Juu ya paa letu taa nyekundu ilikuwa inazunguka kama kichaa, na king'ora kilikuwa kinalia shibri moja kutoka kwenye utosi wangu. Naapa kwa kiapo changu cha kazi, sikukisikia.

Niliitazama fomu. Nikamkumbuka yule mwashi kwenye mkokoteni. Kisha nikafanya kile ambacho serikali ilinilipa nikifanye miaka kumi na sita, nikaandika nilichosikia. Saa nne na robo: Hakikusikika. Saa nne na nusu: Hakikusikika. Waliochoka waliondoka mstari wa mbele wakanywa maji, na wengine wakashika nafasi zao. Saa tano kasoro robo: Hakikusikika.

Saa tano na dakika chache Daktari alitokeza kichwa dirishani, jasho linamtiririka, akainua kiganja. Wanawake wote wakanyamaza mara moja. Ilibidi. Lazima isikike kama mtoto analia.

Nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Katika ukimya ule king'ora kingesikika mpaka Mpingoni, na Daktari mikono yake bado imo kazini. Nikafumba macho nikasubiri. Hakuna. Nikafumbua, nikamwona Pazi kashika nyaya mbili, moja katika kila mkono.

"Betri," alisema.

Tukakaa hivyo, mtaa mzima, tunasikiliza dirisha moja. Bi Kidawa alikuwa ameuma pindo la kanga. Kisha mtoto akalia, kilio chembamba kikali, cha mtu aliyesumbuliwa sana njiani na anataka kujua ni nani anayehusika.

Nililia na mimi. Fomu ilipatwa na matone, na baadaye niliandikiwa barua ya kuuliza yalikuwa ya nini.

*

Bwana Kipandauso alishitaki tena kabla mtoto hajapata jina. Leseni ya Daktari iliwekwa juu ya meza ya Jaji, na kando yake kiberiti, kwa kurahisisha kazi. Msomi Sululu alinisimamisha kizimbani.

"Shahidi, ulikuwa umbali gani kutoka kwenye king'ora?"

"Shibri moja, Msomi."

"Na hukukisikia?"

"Nilisikia vigelegele."

"Lakini kilikuwa kinalia!"

"Taa yake ilikuwa inazunguka. Taa haimo kwenye kifungu."

"Na wanawake waliponyamaza?"

Pazi akaruhusiwa kujibu hilo. "Betri, Mheshimiwa. Wiki tatu inafanya kazi bila mgonjwa hata mmoja. Ilivunjika moyo."

Msomi Sululu akataka masikio yangu yakaguliwe upya. Jaji akampelekea cheti cha bodi, chenye mhuri wa serikali na sahihi ya Waziri mwenyewe. Kusema masikio yangu ni mabovu kungekuwa kusema makofi yote ya Rais kwa miaka kumi na sita yamehesabiwa vibaya, na kwa kosa hilo Shwari ina gereza lake maalumu. Msomi akakaa, joho likiwa limempinda.

Jaji alifikiri kutwa nzima. Kisha akasoma: "Kifungu cha Kumi na Saba ni halali, kinabana, na ni fahari ya sheria zetu. Hakuna aliyekivunja, kwa kuwa siku ile hakikusikika. Leseni irudishwe. Kiberiti kirudishwe pia, ni cha karani."

Daktari Mwanakheri alichukua leseni yake, akapita mbele ya Bwana Kipandauso bila haraka. "Nina wajawazito kumi na wanane," alimwambia. "Lete gari lako. Makoo tunayo."

*

Serikali haikulala. Ndani ya mwezi mmoja ilitungwa Amri ya Kudhibiti Furaha ya Ghafla. Kigelegele chochote kitaombewa kibali siku saba kabla, kwa fomu nne, kikitaja urefu wake na sababu yake. Na kwa kuwa Shwari ni nchi ya sheria, amri yoyote haianzi kazi mpaka isomwe hadharani, na Mpima Sauti aliyeapishwa athibitishe kwamba imesikika.

Jana Waziri alikuja mwenyewe kuisoma, Uwanja wa Chokaa, na bendi ya polisi. Nilikaa safu ya mbele na saa yangu. Wanawake walikuwa wamekaa chini kwa adabu, kanga vichwani. Tausi alikuwa katikati yao na binti yake mgongoni, mnene, macho makavu. Daktari alikuwa amesimama nyuma kabisa, mikono nje ya mifuko.

Waziri alifungua karatasi, akakohoa, akasema, "Kwa mamlaka—"

Bi Kidawa akainua mkono.

Midomo ya Waziri iliendelea kutembea kwa dakika ishirini na mbili. Alipomaliza alikunja karatasi, akanijia akiwa amelowa shingo yote, akanipa fomu na kalamu, akaniinamia sikioni akisema jambo ambalo kwa masikitiko makubwa sikuweza kulipata. Nadhani lilihusu kupandishwa daraja.

Nikajaza fomu mbele yake, kwa wino usiofutika, kwa herufi kubwa ili asipate taabu ya kusoma: HAIKUSIKIKA. Nikatia sahihi, na nakala ninayo mfukoni. Waje wanipime masikio.